Mkono Wenye Viraka Kumi na Viwili

Katika historia ya Sekondari ya Wasichana Lihanje, ambayo bado haijaandikwa kwa sababu walimu wa historia wana shughuli nyingi, hakuna mkono uliowahi kulitumikia bweni kama mkono wa kushoto wa Sekela Mwampashe. Kila alfajiri, kabla kengele ya mchakamchaka haijalia, mkono huo ulichomolewa kutoka chini ya mablanketi, ukanyooshwa juu ya sanduku la bati, na wasichana kumi na mmoja wa Bweni la Kitulo wakapanga foleni mbele yake kama waumini wanaongoja kubarikiwa.

"Taratibu jamani. Msibandike kwenye kiwiko, panawasha."

"Nyamaza, nabii. Lete bega."

Kila mmoja alibandua kiraka chake, kipande laini cha rangi ya udongo, kidogo kama kifuniko cha soda, akakibandika kwenye ngozi ya Sekela. Viraka vilichoma kidogo, vikaonja, vikafikiri. Taa zake ndogo ziliwaka njano moja baada ya nyingine. Kisha, kuanzia kifundo cha mkono hadi begani, zikageuka kijani.

Nje, kwenye ukungu, ubao mkubwa kando ya mlingoti wa bendera ulibadilika pia. Bweni la Kitulo: kijani, kijani, kijani, majina yote kumi na mawili.

"Amina," alisema Sekela kwa sauti yake nene. "Kila mtu achukue roho yake, na asichukue ya jirani."

Nambari ilikuwa imeandikwa nyuma ya kila kiraka, na mashine ilisoma nambari, haikusoma uso. Waliotengeneza viraka walikuwa wamejikinga dhidi ya wezi, maji na radi. Wasichana wa bweni hawakuwa wamewafikiria.

Kila kiraka kilikuwa na sindano mbili nyembamba kuliko unywele. Ya kwanza, kila alfajiri, ilionja homoni, yale maagizo mafupi ambayo tezi za mwili hutumiana kupitia damu: agizo la hofu, la sukari, la usingizi, la kukua. Ya pili ilitia kilichopungua, polepole, mchana kutwa. Ukiwaka kijani, ulikwenda kula. Ukiwaka njano, ulikosa chapati ya Jumapili. Ukiwaka nyekundu, yaani homoni ya hofu na hasira imekupanda kupita kiasi, ulipelekwa kwenye Chumba cha Kutulia, kilichokuwa na godoro, picha ya ziwa na muziki wa filimbi. Hakuna aliyewahi kutoka mle na utani uleule alioingia nao.

Ndiyo maana bweni lilimhitaji Sekela. Siku mbuzi wa jirani alipokutwa ofisini kwa mkuu wa shule amevaa tai ya shule, wasichana mia nne wasio na hatia waliwaka njano kwa hofu. Sekela, aliyeifunga tai hiyo kwa mikono yake na kuinyoosha ili mnyama apendeze, aliwaka kijani kama mgomba. Moyo wake haukujua kukimbia. Alijivunia moyo huo kama wengine wanavyojivunia nywele.

Kiraka chake mwenyewe alikiacha kionje, lakini tundu la kutia dawa alikuwa amelikomea kwa jojo tangu siku ya kwanza. "Mimi sinyweshwi kitu ambacho sikukiomba," alisema, na bweni likampigia makofi.

*

Wiki ya sita ya foleni hiyo, Bweni la Kitulo lilianza kushinda kila kitu.

Kwenye mchakamchaka walikimbia mbele ya kiranja aliyekuwa akiongoza wimbo, wakamwacha, wakamaliza duru, wakaanza nyingine bila kuambiwa. Mwezi wa saba, majani yakiwa yameganda kwa barafu, walivua masweta na kuyafunga viunoni. Walisugua sakafu ambayo ilikuwa imekwisha kusuguliwa. Darasani magoti yao yaligonga madawati kwa chini, yote kwa pamoja, hadi mwalimu wa fizikia akauliza kama kuna trekta linapita.

"Ni mtihani," alisema kiranja wa bweni, Tusajigwe, ambaye alikuwa amegombana na watu wanne kabla ya uji. "Tunauhisi mtihani unavyokuja."

"Mtihani ni mwezi wa kumi na moja," alisema Sekela, akipiga miayo.

"Basi tunauhisi kwa mbali! Kwani wewe una tatizo gani na watu wanaojituma?"

Ni Sekela peke yake aliyeendelea kuvaa masweta mawili na soksi za kulalia. Alikuwa mzee wa kijiji katikati ya siafu.

Yusta Ngailo ndiye aliyemtia wasiwasi, kama kweli lile jambo zito lililokaa kifuani mwake liliitwa wasiwasi. Yusta alilala kitanda cha juu yake. Alikuwa binti wa mchungaji, msichana mwenye kutii hata kengele za shule ya jirani. Wengine walivua viraka wakati wa kuoga na kuvisahau juu ya ndoo hadi mchana. Yusta alikirudisha chake kabla hajajifuta maji. Sasa alikula makande yake, ya Sekela, na ukoko wa sufuria, na bado sketi ilimzunguka kiunoni kama pete kwenye kidole cha mtoto. Macho yake yalikuwa makubwa, kama mtu anayeambiwa umbea usioisha.

"Sekela, weka mkono hapa," alimwambia Alhamisi hiyo, wakiwa mezani. Akauchukua mkono wa Sekela na kuuweka chini ya shingo yake. "Unasikia?"

Sekela alisikia. Moyo ulikuwa cherehani ya fundi siku ya kuamkia Krismasi.

"Tangu lini?"

"Sijui. Nikikaa moyo unakimbia, nikilala unakimbia. Naona kama nimechelewa mahali, halafu sikumbuki ni wapi." Alicheka, kikombe kikamtetemeka, chai ikamwagika kwenye mkate. "Usiseme kwa Matroni. Jumatatu wageni wanakuja kutuangalia. Bweni tulivu kuliko yote nchini, eti."

Aliinuka kwenda kuchota chai nyingine. Alipiga hatua chache, akasimama kama aliyeitwa, kisha akakunjika taratibu mpaka chini, na kikombe cha bati kikabingirika hadi meza ya walimu.

*

Dakta Felista Kyando alifika kutoka wilayani akiwa amevaa gambuti zenye matope. Alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye mikono iliyopata moto kwa kusuguliwa kabla ya kumgusa mgonjwa. Sekela alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha zahanati. Alimbeba Yusta mgongoni hadi pale, na hakuna aliyemwambia aondoke.

"Nyoosha vidole, mwanangu." Dakta aliweka karatasi juu ya vidole vya Yusta. Karatasi ilitetemeka kama jani. Akamgusa kiganja: moto, kimelowa. Akashika mshipa wa mkono, akatazama saa yake, akatazama tena kana kwamba saa ndiyo mgonjwa. "Meza mate." Vidole vyake vililala shingoni mwa Yusta, pande zote mbili za koromeo. "Tena."

Kisha akageukia kioo cha mashine kilichokuwa ukutani, ambapo kumbukumbu za kiraka cha Yusta zilikuwa zikiteremka.

"Ajabu," alisema.

"Nini, Dakta?" aliuliza Sekela.

"Hapa shingoni kuna tezi yenye umbo la kipepeo. Ndiyo inayouamulia mwili mwendo: moyo upige vipi, chakula kiungue vipi, ujisikie baridi au joto. Mwili wa mwenzako unaniambia homoni ya tezi hiyo imefurika. Kiraka chake kinaniambia imepungua, tena sana, kwa wiki sita mfululizo." Akagonga kioo kwa ukucha. "Na kwa kuwa imepungua, kimekuwa kikimwongezea. Saa sita mchana huu kitaongeza tena."

"Si ukibandue?"

"Nitakibandua. Kengele italia kwa wenye viraka Dodoma, wataniuliza sababu, nami nitasema vidole vyangu havikubaliani na mashine. Unajua watacheka vipi? Kesho nitakuwa kijiji kingine, na mtu atambandikia kipya chenye kumbukumbu zilezile. Damu nimechukua, lakini jibu linatoka Mbeya, na barabara unaijua. Moyo huu haupendi kungoja barabara." Alimtazama Sekela kwa mara ya kwanza kwa makini. "Nahitaji sababu. Nani anaweza kunipa sababu?"

Dirisha lilikuwa wazi. Nje yake, chini ya usawa wa kioo, Tusajigwe alikuwa amechuchumaa kwenye maua ya Matroni. Sekela aliusikia mnong'ono wake, wa haraka kama mvua juu ya bati.

"Sekela, ukifungua mdomo tumekwisha. Wageni wa Jumatatu wanakuja na ile mashine ya kupandikiza viraka. Wakijua tunabadilishana, vinawekwa chini ya ngozi. Shule nzima. Wadogo zetu wote, hadi wanamaliza shule. Sema hujui!"

Sekela alijisikiliza. Alingoja moyo wake umwambie jambo, kama mioyo ya watu wengine inavyosemekana kufanya. Haukusema kitu. Ulikwenda taratibu, pa, kimya, pa, kama mzee anayepanda mlima na hana miadi. Rafiki yake alikuwa akizama mbele ya macho yake na moyo wake ulikuwa umekaa kibarazani. Kwa mara ya kwanza hakujivunia.

Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa kichwani tu, ikamlazimu kuifuata kwa hesabu. Upande mmoja, ngozi za wasichana mia nne. Upande mwingine, Yusta, aliyeambiwa avae akavaa.

"Ni mimi," alisema.

"Mwanaharamu!" lilisema dirisha.

Akaeleza yote: foleni ya alfajiri, sanduku la bati, mkono. Dakta hakumkatiza. Alipofika kwenye jojo, Dakta alifumba macho kidogo. Kisha alikibandua kiraka cha Yusta, akakitupa kwenye sahani ya chuma, na kengele ya Dodoma ilipoanza kulia ukutani akaiambia kwa sauti kubwa, "Sababu: kiraka kilimpima mtu mwingine." Kengele ikanyamaza. Akamwita nesi, akaagiza dawa ya kuushika moyo usikimbie, na viraka vya wale kumi wengine viletwe, haraka, kwenye ndoo.

"Kwa hiyo kila alfajiri ulipimwa wewe mara kumi na mbili."

"Ndiyo, Dakta."

"Halafu dawa iliyokusudiwa kwako wakatiwa wao."

"Nilidhani aliye kijani hatiwi dawa. Tulikuwa kijani!"

"Kijani hakina maana kwamba huna tatizo. Kina maana kwamba mashine imekwisha kuamua la kufanya." Akavuta kiti, akaketi mbele yake, akasugua viganja. "Wewe ndiye msichana aliyepimwa kuliko wote katika nchi hii, na ndiye pekee asiyetibiwa. Meza mate."

"Mimi si mgonjwa."

"Meza mate tu."

Sekela alimeza. Vidole vilitulia shingoni, vikabonyeza, vikangoja.

"Unasikia baridi?"

"Lihanje nani hasikii baridi?"

"Unasinzia darasani?"

"Naitafakari hesabu kwa kina."

"Sauti hii ni ya tangu zamani?"

"Naimba besi kwaya ya kanisa. Wananiheshimu."

Dakta hakucheka, ingawa kona moja ya mdomo wake ilitaka. "Bibi zetu wa milima hii walitoka marovu shingoni kwa sababu udongo hauna madini joto. Chumvi ikarekebisha hilo. Shida yako ni nyingine. Askari wa mwili wako wameigeuka tezi, wanaipiga wakidhani ni adui. Inachoka. Moyo unapiga polepole, ngozi inakauka, uso unajaa, mawazo yanatembea badala ya kukimbia." Akaondoa mikono. "Na mtu akikutisha, mwili wako unachelewa kupata habari."

Sekela alifumba macho. Alimwona mbuzi na tai yake. Aliona majina kumi na mawili ya kijani kwenye ukungu.

"Unaniambia ujasiri wangu ni ugonjwa?"

"Sehemu yake."

"Sehemu gani?"

"Sijui, mwanangu. Tutaiona ukipona." Akaweka mezani chupa ndogo ya vidonge. "Hivi ni vya aina ya haraka. Nitaanza na dozi ndogo, baada ya siku chache utaanza kujisikia mtu mwingine. Lakini wewe utaomba, au hutaomba. Nimeambiwa hunyweshwi usichokiomba."

*

Tusajigwe alimkuta nyuma ya jiko, ameshika chupa bila kuifungua. Mikono ya kiranja bado ilitetemeka, ingawa viraka vya bweni vyote vilikuwa ndani ya ndoo ya Dakta.

"Yusta anaendelea vizuri," alisema, akichuma majani ya ua na kuyatupa. "Kaomba makande. Sikiliza, si wote tumekasirika. Mimi nimekasirika, lakini mimi nakasirikia hata mswaki. Jumatatu kuna kikao. Watakuvalisha kiraka chako mbele ya ubao na kukuhoji. Tumeshapanga. Unasema ilikuwa ajali. Viraka vilichanganyika kwenye beseni siku ya kufua, kila mtu akaokota chochote. Ajali haipandikizwi chini ya ngozi, si ndiyo? Na ubao utaonyesha kijani. Wewe ukisema mbingu ni ya bati, ubao unaonyesha kijani."

"Na Bweni la Nyati?"

"Wamefanya nini?"

"Wana msichana wao wa kushika viraka. Unamjua. Shuleni kwa binamu yangu, huko Mufindi, wana wao pia, na huyo ana sukari. Tukisema ajali, nani atakwenda kuwaangalia?"

Tusajigwe aliacha kuchuma majani. "Watapandikiza, Sekela."

"Najua."

"Basi angalau ngoja. Meza hivyo vidonge Jumanne. Jumatatu nenda na moyo wako wa zamani, tunakuhitaji kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo pona unavyotaka!"

Lilikuwa pendekezo zuri, na Sekela alilitafakari kwa heshima zote. Moyo wa zamani ungemaliza kazi safi. Angesimama pale kama ukuta na kusema lolote. Lakini moyo huohuo ulikaa kibarazani Yusta alipokuwa akizama, na kilichomsumbua hakikuwa kwamba ungeweza kudanganya. Kilichomsumbua ni kwamba usingejua kuwa unadanganya.

Akafungua chupa. "Hebu niletee maji."

"Wewe mjinga."

"Maji, kiranja. Au nimeze kwa mate?"

Tusajigwe alikwenda kuleta maji, akitukana njia nzima.

*

Kufikia Jumatatu alikuwa amevua sweta moja. Usingizi ulikuwa umemkimbia darasani kwenye hesabu, jambo lililomtisha mwalimu. Na asubuhi hiyo, akiwa amesimama mbele ya meza ya wageni katika ukumbi, shule nzima imeketi nyuma yake, alisikia kitu kikigonga kifuani kwa ndani, kama mtu aliyefungiwa chooni.

Kiraka chake, kilichosafishwa jojo na kuwekwa kionje bila kukoma, kilikuwa mkononi. Ubao ulikuwa umeletwa ndani. Jina lake lilikuwa peke yake juu yake, njano.

Bwana Semboja, mkubwa wa Mpango wa Utulivu ulioleta viraka, alikuwa mtu mpole mwenye koti lililonyooka. "Binti, tunaambiwa viraka vilichanganyika. Ilikuwa ajali?"

Katika safu ya tatu, Bweni la Kitulo liliacha kupumua. Yusta alikuwa katikati yao, amejifunga shuka la zahanati.

Sekela alifungua mdomo, na sauti yake ikatoka imekatika vipande. Hakuwahi kuisikia ikifanya hivyo. Goti lake la kulia lilianza kuendesha trekta.

"Hapana, mheshimiwa. Tulifanya kwa makusudi. Tulikuwa tunaogopa Chumba cha Kutulia. Mimi nilivaa vya wote. Na si sisi tu, shule nyingine pia wanafanya, na ni lazima mwaangalie, kwa sababu wanatibiwa magonjwa ya wenzao."

Mngurumo ulipita ukumbini. Ubao ukageuka nyekundu, jina lake likiwaka kama jiko.

Bwana Semboja alipangusa miwani yake. "Nakushukuru kwa ukweli. Lakini umethibitisha hoja yetu. Vingekuwa chini ya ngozi, hakuna ambaye angevibadilisha, na mwenzako asingeumia."

"Ni kweli, mheshimiwa." Jasho lilimtiririka mgongoni, Lihanje, mwezi wa saba. "Safari hii mashine ilikosea kwa msaada wangu. Siku itakayokosea peke yake, Dakta atabandua nini?"

Bwana Semboja aliirudisha miwani puani. Alimgeukia Dakta Kyando, aliyekuwa mwisho wa meza na gambuti zake. Dakta alikuwa akiitazama mikono yake mwenyewe, akiisugua taratibu, na wala hakuinua kichwa kumsaidia. Mjumbe mmoja alikohoa. Mwingine alikunja karatasi ya mashine ya kupandikiza mara mbili, kisha akaiweka chini ya faili, kama mtu anayeahirisha jambo.

Ndipo mkuu wa shule, Madamu Mlowe, alipoinama mbele. Alikuwa anamdai Sekela lile la mbuzi na tai, na alikuwa amengoja miezi mitatu.

"Sekela Mwampashe," alisema. "Unatetemeka."

"Ndiyo, Madamu."

"Unaogopa?"

Sekela alijisikiliza. Moyo ulikuwa unapiga mlango kwa mikono miwili, na nyuma yake kabisa, mahali fulani pasipoguswa na kidonge chochote, palikuwa na kicheko kidogo kilekile cha zamani. Kilikuwepo bado. Alikitambua kwa furaha kubwa.

"Ndiyo, Madamu," alisema. "Ndiyo kwanza naanza. Naomba mnivumilie mpaka nizoee."